Nyumba karibu na makaburi, baa au dampo: mimi naangalia nini kabla ya kutoa hela

Watu wengi wakisikia nyumba inauzwa bei nafuu kwa sababu iko jirani na makaburi wanakimbia, mimi nilinunua, iko upande wa Temeke, Dar es Salaam, vyumba vya kupangisha, na mpaka leo haijawahi kukaa muda mrefu bila watu. Naandika hii kwa sababu kuna ndugu zangu kadhaa wananiuliza kila siku kuhusu nyumba zenye kero jirani na naona wanaogopa vitu visivyo vya kuogopa halafu wanaingia kichwa kichwa kwenye vitu hatari kabisa.

Kitu cha kwanza kukielewa ni kwamba kero inashusha bei sana ila inashusha kodi kidogo. Anayenunua nyumba aishi mwenyewe anawaza maisha yake yote, anawaza watoto, anawaza mama mkwe akija atasema nini. Mpangaji anawaza miezi yake aliyolipia, kituo cha daladala kiko umbali gani, maji yanatoka, luku ni ya peke yake au anashea, choo kiko ndani au nje, basi. Chukua mfano, nyumba ya vyumba nane ya milioni 80, kila chumba laki moja kwa mwezi, unapata milioni 9.6 kwa mwaka, hela yako inarudi baada ya miaka nane na kitu. Nyumba ileile ukiikuta pembeni ya makaburi kwa milioni 55 na ukapangisha chumba kwa elfu 90, unapata milioni 8.64, miaka sita na nusu hivi imerudi. Hapo sijatoa ukarabati wala miezi chumba kikiwa wazi, lakini umeona tofauti. Ila na wewe siku ukitaka kuuza utauza kwa bei ya kero hiyohiyo, na benki wakija kuthamini watashusha vilevile, kwa hiyo hii ni biashara ya kodi, kama unataka kununua leo uuze mwakani kwa faida usiiguse.

Makaburi kwa kweli ni majirani wazuri, usiku kimya, na hakuna mtu atakayekujengea ghorofa likuzibe upepo. Kero yake ni siku za mazishi, magari yanajaa barabarani mpangaji anashindwa kutoa bodaboda yake, na madirisha yanayoangalia kule watu hawayapendi. Tuliinua ukuta, tukaweka taa nje, ikaisha. Kitu ambacho sikufanya na sitafanya ni kuchimba kisima pale. Kisima kifupi jirani na makaburi au dampo usikubali hata kama maji ya DAWASA yanakatika, nunua simtanki kubwa, hao wapangaji wana watoto wadogo.

Baa ni ngumu zaidi, maana mpangaji anayeamka saa kumi alfajiri kwenda kazini hawezi kuvumilia spika mpaka saa nane usiku, atavumilia mwezi wa kwanza, wa pili anatafuta dalali. Unapata wapangaji ndio, ila wanahama hama, na kila akihama unapaka rangi upya. Afadhali tu kwamba kelele zina kanuni zake tangu 2015 na tumeona NEMC, baraza la mazingira la serikali, ikifungia baa na kumbi kwa ajili hiyo, kwa hiyo baa ni kero inayoweza kuondoka.

Dampo nalo linaweza kuondoka. Wenye umri wanakumbuka dampo la Tabata, moshi na harufu, mpaka wakazi wakaishtaki Halmashauri ya Jiji Mahakama Kuu mwaka 1988 wakashinda, ikachukua muda lakini lilifungwa, taka zikaanza kuhamishwa huku na huku, Vingunguti, Mtoni, sasa ziko Pugu Kinyamwezi. Leo nenda Tabata uulize bei ya kiwanja. Ila usinunue kwa kutegemea litahama, nunua kama kodi inakulipa likiwa hapohapo.

Sasa kuna zile ambazo kero haiondoki, nyumba ndiyo inaondoka, na hizi ndizo madalali wanazipamba, eti "nyumba ya barabarani kabisa bosi". Kimara mpaka Kibaha mwaka 2017 watu wamebomolewa kupisha upanuzi wa barabara ya Morogoro, hifadhi ya barabara ilihesabiwa mita 121.5 kila upande, nyumba za miaka mingi, maduka, nyumba za ibada, na wengi bila fidia. Iliniuma sana, kuna wazee pale walikuwa wanaishi kwa kodi za fremu tu. Barabara kuu nyingine sheria ya 2007 inasema mita 30 kutoka katikati ya barabara kila upande. Kando ya mto ni mita 60, sheria ya mazingira ya 2004, na Desemba 2015 tuliona bomoabomoa kule Mkwajuni na Hananasifu. Laini kubwa za umeme hivyohivyo, ulizia TANESCO mwisho wa njia yao uko wapi. Karatasi ya serikali ya mtaa yenye mihuri haikuokoi hapo, mwenyekiti anashuhudia mmeuziana tu. Kama kuna hati nenda ofisi ya ardhi kaifanyie sechi, waangalie kumbukumbu zao, kama hakuna mlipe mpima aje na vipimo vyake, hiyo hela ni ndogo kuliko machozi ya X nyekundu ya kubomolewa ukutani.

Sasa hivi kuna nyingine naifuatilia Pugu, karibu na reli ya SGR, bei nzuri na kwa vile kuna stesheni wapangaji naamini watapatikana. Treni kupita hainisumbui. Nimemwambia dalali sizungumzi bei mpaka tuwe na mpima tuone bikoni za reli, yaani alama za mpaka wake, zimeishia wapi, akasema wenzangu wawili wameshafika na hela mkononi, nikamwambia wanunue.