Bendi hafifu si lazima iwe DNA chache: rangi zinazong'aa katika maabara ya Mombasa

Ukiweka jeli (bamba laini ambamo umeme hutenganisha vipande vya DNA kwa urefu) juu ya taa ukaona bendi hafifu, yaani mstari wa vipande vya urefu mmoja, usikimbilie kuandika daftarini kwamba DNA ni chache. Unachokiona si DNA. DNA yenyewe haina rangi. Unachokiona ni rangi iliyoishika, na rangi hiyo ina tabia zake: huchagua pa kushika, huchoka kwa mwanga, hukimbizwa na umeme, na hapa Mombasa huteswa na joto na unyevu kwa namna ambayo maelekezo yaliyoandikwa kwa maabara za nchi za baridi hayaitaji.

Rangi za aina hii hufyonza mwanga wa wimbi fupi na kuutoa tena ukiwa wa wimbi refu zaidi. Etidiamu bromaidi, ambayo ni mkongwe wa rangi za jeli, ni molekuli bapa inayojipenyeza kati ya jozi mbili za besi (herufi A, T, G na C za DNA) zilizopangana, kama ukucha unavyopenya kati ya kurasa za msahafu mpya. Ikielea peke yake majini hung'aa kidogo sana. Ikishabanwa kati ya besi, maji hayaifikii, na mng'aro wake hupanda mara 20 hivi. Ukiimulika kwa urujuanimno wa nanomita 302 itakurudishia rangi ya chungwa, karibu nanomita 600. SYBR Safe, rangi nyingine ya jeli, hukubali pia mwanga wa buluu, karibu nanomita 500, na hujibu kwa kijani cha 530. DAPI, inayotumika kwenye hadubini kuonyesha viini vya seli, haipenyi kati ya besi. Hulala ndani ya mfereji mwembamba wa uzi wa DNA, na hupenda zaidi sehemu zenye A na T kwa wingi. Ndiyo maana sehemu mbili zenye DNA sawa kwa uzito zinaweza kung'aa tofauti chini ya DAPI.

Tuchukue kazi ya kawaida katika pwani hii: kipande cha jeni ya COI, chenye besi kama 650, kinachotumika kutambua aina ya samaki. Jeli ya asilimia 1.5 inakitosha. Pima gramu 0.75 za agarosi (unga wa jeli), tia kwenye mililita 50 za bafa ya TAE 1X (maji ya chumvi yanayopitisha umeme, kwenye nguvu ya kutumia), kisha pima uzito wa chupa kabla ya kuiingiza katika maikrowevu na upime tena ikitoka. Uzito uliopungua ni maji yaliyotoka na mvuke. Yarudishie kwa maji safi ya maabara. Wengi huruka hatua hii, halafu wanashangaa jeli ya leo na ya jana zikikimbiza lada ile ile (mchanganyiko wa vipande vya DNA vya urefu unaojulikana) tofauti.

Subiri jeli ipoe hadi nyuzi 60 hivi, kiasi cha kuweza kuishika chupa kwa mkono wenye glavu bila kuungua. Hapo ndipo utie rangi. Etidiamu bromaidi ya miligramu 10 kwa mililita: mikrolita 2.5 kwenye mililita 50, yaani mikrogramu 0.5 kwa kila mililita. SYBR Safe inayouzwa ikiwa 10,000X, yaani mara 10,000 ya nguvu ya kutumia: mikrolita 5. Usiichemshe jeli yenye etidiamu ndani. Rangi hii inaweza kubadilisha chembe za urithi, na mvuke wake si kitu cha kuvuta. Vaa glavu za nitrili, na glavu ile uliyoshikia jeli isiguse kitasa cha mlango wala simu.

Mimina, weka chana (meno yake ndiyo yanayoacha visima vya sampuli), acha dakika 30. Katika chumba cha nyuzi 31 bila kiyoyozi, mwezi wa Februari kwa mfano, jeli nyepesi ya asilimia 0.8 huganda polepole na visima vyake huchanika ukivuta chana mapema. Ipe dakika 45, au umalizie na dakika 10 za friji. Bafa ya kukimbizia nayo iweke friji kabla. Umeme unapopita kwenye bafa huizalishia joto, na bafa iliyoanza na nyuzi 31 haina nafasi kubwa ya kupanda kabla ya madhara kuanza: katikati ya jeli hupata moto kuliko kando, DNA ya katikati hutangulia, na bendi hupinda kama upinde. Volti 5 kwa kila sentimita ya umbali kati ya elektrodi zinatosha. Kwa tangi la sentimita 15 hiyo ni volti 75. Ukiwa na haraka ukapandisha hadi 130, muda uliouokoa utaulipa kwa picha isiyosomeka.

Jambo ambalo wanafunzi hulichanganya sana ni rangi ya kupakia. Ile buluu unayochanganya na sampuli kabla ya kuiingiza kisimani haishiki DNA. Kazi yake ni kuifanya sampuli iwe nzito izame, na kukuonyesha mwendo umefika wapi. Katika jeli ya asilimia 1, bromofenoli ya buluu hutembea karibu na vipande vya besi 300. Tena huufyonza mwanga. Bendi ikikaa chini yake huonekana hafifu au haionekani kabisa, na hapo unaweza kuapa kwamba PCR (kazi ya kuzidisha kipande cha DNA) imefeli kumbe bendi imefunikwa na kivuli. Punguza rangi ya kupakia, au tumia ya chungwa inayotangulia mbele ya vipande vyote unavyovitafuta.

Sasa turudi kwenye ile bendi hafifu. Etidiamu ina chaji chanya, DNA ina chaji hasi. Umeme ukiwaka, DNA huelekea nguzo chanya, na etidiamu iliyo huru huelekea upande wa pili. Baada ya saa moja na zaidi, sehemu ya chini ya jeli imebaki na rangi kidogo mno, na huko ndiko vipande vidogo vilipo. Besi 150 zikikosa kuonekana, shuku hili kwanza kabla ya kuilaumu praima (kipande kifupi cha DNA kinachoanzisha PCR). Tiba ni rahisi: izamishe jeli kwenye maji yenye etidiamu ya mikrogramu 0.5 kwa mililita kwa dakika 30, kisha isuuze kwa maji matupu dakika 20. Kusuuza huondoa rangi iliyo huru na kuufanya usuli uwe mweusi, ili bendi ndogo ijitokeze.

GelRed na jamaa zake, rangi nyingine za jeli, zina ugomvi tofauti. Molekuli yake ni kubwa, na ikiwa DNA ni nyingi kisimani huivuruga mwendo: bendi huburuzika, au husimama mahali pasipolingana na lada. Mimi napendekeza kwa rangi hizo jeli ikimbie bila rangi, kisha ipakwe baadaye kwa kipimo cha 3X kwa nusu saa. Kama lazima uitie ndani ya jeli, punguza DNA. Bendi ya nanogramu 5 huonekana vizuri kwa rangi hizi zote. Hakuna faida ya kumwaga nanogramu 300 kwenye kisima kimoja.

Ukitaka kuikata bendi na kuitumia kwa kazi nyingine, taa ni jambo la kwanza kuamua. Urujuanimno wa 302 huunganisha besi za T zilizo jirani, na sekunde 60 juu ya taa hiyo zinatosha kuharibu DNA uliyoitolea jasho. Jeli itaonekana nzuri, bendi itakatwa vizuri, halafu kuiunganisha na DNA nyingine kutagoma bila sababu inayoonekana. Tumia SYBR Safe, taa ya buluu ya nanomita 470 na kioo cha rangi ya kaharabu mbele ya macho. Etidiamu chini ya taa hiyo huonekana kwa shida, kwa hiyo usinunue taa ya buluu ukadhani chupa yako ya zamani ya rangi itaendelea kukufaa.

Unyevu nao ni mada ya peke yake. Rangi nyingi huja zikiwa zimeyeyushwa katika DMSO, kimiminika cha kuyeyushia, ambayo huganda kwenye nyuzi 18. Ndani ya friji ni jiwe. Ukiitoa katika hewa ya Mombasa, kichupa hutokwa na jasho papo hapo, na DMSO hunyonya maji kwa pupa. Ukifungua kifuniko kingali baridi, tone la nje huteremka ndani, na kila ukirudia rangi yako inazidi kuchuja. Kitoe nusu saa kabla, kikae gizani kikiwa kimefungwa, kifute, kizungushe kidogo kwenye sentrifuji, ndipo ufungue. Hakikisha kimeyeyuka chote: pipeti ikichota kutoka kichupa kilichoyeyuka nusu, kipimo chako ni cha kubahatisha. Gawa rangi mpya katika vichupa vidogo siku ile ile inapofika, vifunike kwa karatasi ya alumini. Na mara moja kwa mwezi kagua plagi za tangi la jeli. Hewa ya bahari huziotesha kutu ya kijani, mguso unakuwa dhaifu, na jeli hutembea kinyonga huku mashine ikionyesha volti sahihi.

Kuhusu kupima kiasi cha DNA, hapa naona watu wakipoteza fedha nyingi bila kujua. Mashine ya ufyonzaji wa mwanga kwenye nanomita 260 huhesabu kila kinachofyonza hapo: DNA, RNA, nukleotidi zilizobaki, fenoli. Chukua majani ya mkoko kutoka hori la Tudor. Yamejaa tanini na sukari za mnyororo, na DNA yake ikitoka na rangi ya chai mashine inaweza kusoma mara kadhaa zaidi ya kiasi halisi. Rangi inayoshika DNA ya nyuzi mbili peke yake haidanganyiki kirahisi hivyo.

Kwa kifaa kidogo cha kupima mng'aro kama Qubit, hesabu ni hii. Sampuli 6 na viwango 2 (DNA ya kiasi kinachojulikana, ya kulinganishia) ni mirija 8. Andaa ya 9 ili isipungue. Mikrolita 9 za rangi ndani ya mikrolita 1,791 za bafa yake. Kila mrija wa kiwango upate mikrolita 190 za mchanganyiko na 10 za kiwango. Kila mrija wa sampuli upate 198 na 2 za DNA. Changanya, subiri dakika 2, soma. Mirija iwe ile yenye ukuta mwembamba, na uandike jina kwenye kifuniko, kwa sababu wino ubavuni huzuia mwanga.

Joto linaingia tena. Mng'aro hupungua joto linapopanda. Viwango vikisomwa vikiwa baridi kutoka friji na sampuli zikiwa za nyuzi 31, jibu litakuwa chini ya ukweli. Vyote vikae pamoja hadi vilingane, usivikumbatie kiganjani, na usisome mrija mmoja mara tano mfululizo, maana kifaa chenyewe huupasha moto.

Rangi hizi hizi ndizo zilizozaa PCR ya kufuatilia moja kwa moja. Mwaka 1992 Russell Higuchi na wenzake walitia etidiamu ndani ya mirija ya PCR, wakaona mng'aro ukipanda DNA inapoongezeka. Leo kazi hiyo hufanywa na SYBR Green I, au na kichunguzi cha aina iliyotumika sana kupima korona: kipande kifupi cha DNA chenye FAM, rangi inayong'aa, upande mmoja na kizimio, molekuli inayouzima mng'aro huo, upande mwingine. Kimeng'enya kikikikata, FAM hutengana na kizimio na kung'aa kwenye nanomita 520.

SYBR Green hushika uzi wowote wa nyuzi mbili, hata praima mbili zilizokumbatiana. Kwa hiyo usiamini mkunjo wa kupanda kabla ya kuangalia mkunjo wa kuyeyuka (mng'aro unavyoshuka nyuzi za DNA zikiachana kwa joto), kutoka nyuzi 60 hadi 95 kwa hatua za 0.5. Kilele kimoja kirefu ndicho unachotaka. Kilima kingine kifupi kwenye joto la chini kwa nyuzi kadhaa, hasa kwenye mrija usio na DNA, ni praima. Pia usiongeze rangi ukidhani mng'aro utazidi: ikizidi hukaza nyuzi za DNA zisiachane na huzuia PCR. Ukipunguza DNA mara 10 kila hatua, mizunguko ya PCR iachane kwa 3.3 hivi. Ikiwa sampuli isiyochanganywa maji inachelewa kuliko hesabu inavyotaka, ina uchafu unaozuia, na tanini za mkoko ni mtuhumiwa wa kwanza.

Kwa kipande cha FAM, usiruhusu besi ya G iwe jirani yake mwanzoni, kwa sababu G huuzima mng'aro wake. Kiyeyushe katika bafa ya TE ya pH 8, si katika maji: FAM hufifia tindikali ikizidi, na maji yaliyokaa wazi hunywa hewa ya ukaa na kuwa na tindikali kidogo. Usuli ukianza juu tangu mzunguko wa kwanza wakati zamani ulikuwa chini, kipande kimekatika na kinang'aa bure. Kitupe. Hakuna marekebisho ya programu yatakayokirudisha.

Linalobaki ni takataka. Jeli za etidiamu zikae kwenye pipa lake lenye alama, na maji yake yapitishwe kwenye makaa amilifu, kisha makaa yenyewe yaende na taka za kuchomwa katika joto kali. Usitie dawa ya kutoa madoa ukidhani unaiua. Huzaa kemikali nyingine zinazoweza pia kubadilisha chembe za urithi. Wala usiimwage sinki. Maji ya kisiwa hiki safari yake ni fupi, na mwisho wake ni hori lile lile tunalochukulia sampuli.