Wasifu wa mzee wa biashara usisomeke kama barua ya kuomba kazi

Wasifu mwingi wa marehemu aliyefanya kazi za biashara maisha yake yote una kasoro moja: aya tatu za vyeo, kisha aya moja ya "ameacha mke, watoto na wajukuu". Kwa mtu ambaye familia ndiyo iliyokuwa sababu ya kazi yenyewe, mpangilio huo unamkata vipande viwili. Msikilizaji anaambiwa lini alipandishwa cheo, lakini haambiwi kwamba mwaka uleule nyumbani kulikuwa na mtoto mchanga na wawili walioanza shule.

Dawa yake ni jedwali la safu tatu: mwaka, kazini, nyumbani. Anza na miaka yenye ushahidi wa maandishi: cheti cha ndoa, barua ya ajira, hati ya kustaafu, leseni ya biashara, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, pasipoti za zamani. Geuza na picha, kwani nyuma yake mara nyingi kuna tarehe. Yanayosimuliwa kwa mdomo yaandikwe kwa penseli hadi watu wawili wayathibitishe kila mmoja peke yake. Jedwali likishajaa, soma kwa mlalo, si kwa kushuka. Hapo ndipo unapoona, kwa mfano, kwamba aliacha ajira ya mshahara miezi michache baada ya kufiwa na kaka yake, na kwamba watoto wa kaka walihamia kwake. Mstari mmoja wa namna hiyo unabeba wasifu mzima.

Hesabu za miaka ndizo zinazoaibisha zaidi, hasa marehemu akiwa mhasibu! Aliyezaliwa Novemba 1936 na kufariki Machi 2024 alikuwa na miaka 87, si 88, kwa sababu siku yake ya kuzaliwa ilikuwa haijafika. Aliyeajiriwa Julai 1961 na kustaafu Julai 1996 alifanya kazi miaka 35. Wanaopata 36 wamehesabu mwaka wa kwanza na wa mwisho kwa vidole. Ndoa nayo huhesabiwa hadi mmoja alipofariki, si hadi leo.

Vyeo vina mitego yake. "Alianzisha kampuni" si sawa na "alijiunga kama mbia", na mwanahisa si lazima awe mkurugenzi. Wabia wa zamani watakuwepo wakisikiliza, na neno lisilo sahihi linaweza kuzua mgogoro wa hisa pale pale kaburini. Kampuni ikiwa ilibadilisha jina, tumia jina la wakati ule, kisha taja la sasa mara moja tu.

Kwa upande wa familia, tenganisha "alijaliwa" na "ameacha". Alijaliwa watoto sita, wawili walitangulia mbele ya haki, ameacha wanne. Ukiandika "ameacha sita" umewafufua wawili. Ukiandika "alijaliwa wanne" umewafuta, na kumfuta mtoto aliyefariki ni jeraha kwa mzazi aliyebaki. Watoto wa kulea na wa ndoa ya awali wakubaliwe na familia kabla ya kuchapa, si wakati karatasi imeshagawiwa. Kumbuka pia kuwa kitukuu ni mtoto wa mjukuu, na kilembwe ni mtoto wa kitukuu. Wengi huwarundika wote kwenye "wajukuu" na idadi ikakataa kukubaliana na watu waliosimama.

Sasa maneno. "Mchapakazi, mcheshi, mpenda watu" yanamfaa yeyote, kwa hiyo hayamwelezi mtu. Uliza maswali madogo: akirudi kazini alianza na nini? Simu ya mteja ikilia wakati wa chakula aliipokea? Daftari la matumizi ya nyumbani aliliandika nani, na ada za shule zilitengwa lini? Waulize kifungua mimba na kitinda mimba kwa nyakati tofauti, kwa kuwa wamelelewa na watu wawili tofauti: mmoja alimjua mzazi ambaye biashara ilikuwa bado inamyumbisha, mwingine alimjua ambaye jioni anakaa sebuleni. Dereva, karani au mteja wa miaka mingi huwa na kumbukumbu sahihi kuliko mkurugenzi mwenzake. Mjane au mgane usimhoji usiku wa kwanza. Mpelekee rasimu asahihishe, ni rahisi kuliko kumtaka akumbuke.

Urefu? Kwa mwendo wa msibani, maneno 100 kwa dakika yanatosha. Maneno 600 ni dakika sita, na zaidi ya hapo watu wanaanza kutazama jua. Chapa kwa herufi za ukubwa wa 16, upande mmoja wa karatasi, kurasa zenye namba, bila kuzibana kwa pini. Sentensi isivuke ukurasa. Msomaji wa akiba awe na nakala yake, sauti ya mtoto wa marehemu hukatika bila taarifa. Picha ndogo ya pasipoti iskaniwe kwa dpi 600 (nukta 600 kwa kila inchi) kama itakuzwa. 300 inatosha ikichapwa kwa ukubwa uleule.

Nakala ya mtandaoni iwe tofauti na ya msibani. Ondoa tarehe kamili ya kuzaliwa, jina la ukoo la mama yake, anwani ya nyumba na saa ambayo wote watakuwa makaburini. Hizo mbili za kwanza hufungulia walaghai akaunti, hizo mbili za mwisho huwafungulia wezi mlango. Mambo ya wosia na nani atashika biashara yasiguswe kabisa.

Jedwali lisitupwe baada ya mazishi. Andika chini yake nani alitoa taarifa ipi na tarehe ya masahihisho ya mwisho, kisha liweke pamoja na vyeti; kwenye mirathi na madai ya pensheni mtaulizwa miaka ile ile.