Land Cruiser inayojikaza baada ya kuwekwa difu yenye loki: nilivyotatua

Tatizo limeisha, naandika ili wengine wasihangaike. Nilifunga difu ya nyuma ya mtumba (gia za ekseli zinazogawa nguvu kwa matairi mawili) yenye loki (ya kuyalazimisha yazunguke pamoja) kwenye Land Cruiser ya 70. Kwenye tope loki ilifanya kazi safi. Ila ukiweka fobai (matairi yote manne yavute), hata kwenye mchanga gari linajikaza, linarukaruka, na liva ya fobai haitoki mpaka upige rivasi kidogo.

Tulibadilisha oili ya difu na ya transfa (gia inayopeleka nguvu mbele na nyuma), tukasawazisha upepo, tukakagua habu za mbele (zinazounganisha matairi na ekseli). Wapi!

Dawa ilikuwa kuhesabu uwiano wa gia, yaani propela shafti (inayopeleka nguvu kwenye difu) inazunguka mara ngapi matairi yakizunguka mara moja; mbele na nyuma lazima ulingane. Loki imefunguliwa, gia nyutro, hendibreki chini, matairi mengine yamezuiwa kwa mawe, kisha piga jeki tairi moja tu la nyuma. Chora chaki kwenye tairi na kwenye propela shafti. Hapa ndipo penyewe: tairi la pili likiwa limekaa chini, shafti inazunguka nusu tu, kwa hiyo zungusha tairi mara 20 badala ya 10. Mzunguko mmoja hautoshi, 4.1 na 4.3 huwezi kuzitofautisha kwa macho. Nyuma shafti ilizunguka mara 43. Mbele, habu zikiwa zimelokiwa na fobai imetolewa, 41. Yaani nyuma 4.3, mbele 4.1: hazilingani.

Matairi yangu ni makubwa kuliko ya kiwandani, hivyo nilibakiza 4.3 na kubadilisha krauni na pinioni ya mbele (gia kubwa na ndogo ndani ya difu): meno 43 kwa 10 badala ya 37 kwa 9. Hizo hununuliwa kwa jozi, usichanganye. Fundi alipaka rangi kwenye meno kuona yanavyogusana kabla ya kufunga. Sasa liva inaingia na kutoka kwa vidole viwili.