Soda ya kila siku na mwili wa kesho

Mwulize mtu amekula nini leo, naye atakutajia milo yake mmoja baada ya mwingine, ila soda aliyoteremshia chakula cha mchana hataitaja, kwa kuwa hakuila bali aliinywa. Kwa maoni yangu, tatizo lote linaanzia hapo. Kopo la kola la mililita 330 lina takriban gramu 35 za sukari, karibu vijiko tisa vya chai, na hunywewa kwa dakika chache bila mnywaji kuhisi ameshiba. Sukari ya majimaji hailipatii tumbo taarifa ya shibe kama chakula cha kutafuna, kwa hiyo mtu akishaimaliza hula mlo wake kama kawaida, na nishati ile inabaki kuwa ya ziada.

Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba sukari ya kuongezwa, pamoja na ile ya asali na juisi, isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na ikiwezekana ishuke chini ya asilimia 5, ambayo kwa mtu mzima ni kama gramu 25. Kopo moja limekwishavuka kiwango hicho cha chini.

Sukari hiyo ni mchanganyiko wa aina mbili za sukari, glukosi na fruktosi. Glukosi huingia kwenye damu kwa kasi na kulilazimisha kongosho litoe kwa wingi insulini, homoni inayosaidia sukari kutoka kwenye damu na kuingia kwenye seli. Fruktosi kwa sehemu kubwa hushughulikiwa na ini, ambalo hugeuza ziada kuwa mafuta, na baadhi ya mafuta hayo hubaki humo humo. Mambo haya yakirudiwa kila siku kwa miaka, mwili huanza kutoitikia insulini ipasavyo, na ndiyo njia ya kuelekea kisukari cha aina ya pili. Utafiti uliochapishwa mwaka 2004, uliofuatilia wauguzi wanawake zaidi ya 90,000 nchini Marekani, ulionyesha kwamba waliokunywa soda yenye sukari angalau mara moja kwa siku walikuwa na hatari ya kupata ugonjwa huo iliyozidi kwa takriban asilimia 80 ile ya waliokunywa chini ya mara moja kwa mwezi. Ni kweli kwamba unene unaeleza sehemu kubwa ya tofauti hiyo, lakini hata uzito ulipozingatiwa, tofauti haikufutika.

Kuhusu meno, asidi ya soda hulainisha tabaka la nje la jino, na bakteria wa kinywani huigeuza sukari kuwa asidi nyingine. Anayenywa funda moja moja mchana kutwa huyaumiza meno yake kuliko anayeimaliza pamoja na mlo, kwa sababu mate hayapati nafasi ya kuyarekebisha. Soda isiyo na sukari nayo ina asidi, na mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilishauri vikoleza utamu visivyo sukari visitumiwe kama njia ya kudhibiti uzito.

Wanaonitia uchungu zaidi ni watoto wanaozoeshwa utamu huu kabla hawajazoea maji. Mzazi anayetaka kuanza mahali fulani aanze na kinywaji cha mezani: maji yawe ya kila mlo, na soda ibaki ya siku za sherehe.