Upana wa Karatasini na Upana wa Mabega

Mkono wangu wa kulia umekuwa mweusi kuliko wa kushoto. Ni miaka sita sasa naendesha gari dogo la porini huku kiwiko kikiwa nje ya dirisha, wala si kwa madaha: nikipandisha kioo kiwiko hicho hukosa pa kukaa, na kila ninapokata kona hugonga mlango. Nina urefu wa sentimita 188, na jua la Mombasa halina huruma na mtu wa foleni ya feri ya Likoni.

Kabla ya kununua nilisoma vipimo vya gari nikaridhika, nisijue kwamba upana unaoandikwa karatasini hupimwa nje, kutoka madigadi hadi madigadi, na haumwambii dereva lolote kuhusu mabega yake. Mfano mzuri ni Jimny, gari dogo la porini la Suzuki, iliyotolewa mwaka 2018. Ile ya daraja la magari madogo ya Japani, ambalo sheria yake hairuhusu upana unaozidi mita 1.48, ina milimita 1,475. Ile kubwa inayouzwa pia nchi za nje ina 1,645. Mtu atadhani kwamba dereva wa hiyo ya pili ameongezewa sentimita 17 za kujinyoosha, kumbe kabini ni ile ile, na kilichoongezeka ni magurudumu kusogezwa nje pamoja na madigadi mapana ya plastiki ya kuyafunika. Kadhalika Land Cruiser za mfululizo wa 70: zilipotiwa injini ya V8, yaani ya silinda nane, kwa baadhi ya masoko mwaka 2007, pua ndiyo iliyotanuliwa, si nafasi ya dereva.

Hata gari pana laweza kumbana mtu. Defender ya zamani ya Land Rover, iliyoacha kuundwa Januari 2016, ilikuwa na karibu mita 1.79 kwa nje, lakini dereva wake alikaa ameegemea mlango, kwa kuwa mpangilio wa mbele ulirithiwa kutoka magari yaliyoketisha watu watatu. Wenye magari hayo nao utawaona viwiko nje, nami huwapungia mkono kama ndugu.

Miguu ina kisa chake. Katikati ya sakafu pana nundu inayofunika sanduku la gia na lile la kugawa nguvu kwa magurudumu ya mbele na ya nyuma, kwa hiyo pedali husongamana upande mmoja na mguu wa kushoto, ukishaachilia klachi, haupati pa kupumzika. Kwenye lami hilo huvumilika. Katika njia za Shimba Hills, ambako gari huyumba kushoto na kulia, goti hugonga chini ya usukani mpaka likaota sugu.

Mwaka jana nilimwendea fundi wa viti kule Changamwe. Alinikalisha, akanitazama magoti, akasema, "Mzee, wewe hukununua gari, umenunua kiatu kisichokutosha." Alikataa kutoboa sakafu ovyo, maana kiti kikichomoka wakati wa ajali mkanda hauna faida; badala yake alichomelea bamba nene la chuma kwa chini, kisha akazirudisha reli za kiti nyuma sentimita nne. Magoti yakapona. Mikono ndiyo iliyoanza kulalamika, kwa sababu usukani wa gari langu, kama ule wa Jimny ya sasa, hupanda na kushuka tu, hauvutiki kumfuata dereva. Nikiegemea vizuri, mikono hunyooka kabisa na mabega huuma kabla sijafika Kwale.

Siku hizi nakunja kikoi na kukiweka nyuma ya mgongo. Kinanisogeza mbele sentimita mbili, yaani nusu ya zile nilizomlipa fundi.