Pangani kwa hesabu ya mwezi

Ukimpigia simu nahodha wa Pangani, mji wa pwani mkoani Tanga, umwambie mnataka kwenda kisiwa cha Maziwe Jumamosi, haulizi kwanza mko wangapi. Anauliza siku hiyo ni mwezi ngapi. Anakusudia mwezi wa kuandama, si wa kalenda ya ukutani, na jibu lako ndilo litakaloamua mng'oe nanga saa ngapi na mkae kisiwani muda gani. Sisi tulichagua mwezi 17, mwishoni mwa Oktoba, tangambili: upepo wa kusi umelegea na wa kaskazi haujashika.

Hesabu yenyewe si ngumu. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, maji huwa ya bamvua: hukauka sana na kujaa sana. Kwa pwani hii, siku za mwanzo za bamvua maji hupwa kabisa kwenye saa nne asubuhi, kisha kila siku muda husogea mbele kwa dakika 40 hadi 50. Mwezi 15 ungetulazimu kuondoka alfajiri. Mwezi 17 maji yalikuwa yakauke saa tano na robo, saa nzuri kwa watu wanaotaka kunywa chai kwanza. Ukienda mwezi 8 au 23 utakuta maji mafu: mchanga ulio wazi ni mdogo, ila mkondo ni mpole, na wapiga mbizi wengine huzipendelea siku hizo.

Kutoka Tanga mjini hadi Pangani ni kama kilomita 50. Njiani tulishuka Tongoni, na ningemshauri kila mtu ashuke. Kuna magofu ya msikiti na makaburi zaidi ya 40, mengine yalikuwa na nguzo ndefu ambazo nyingi zimeshaanguka. Tazama nguzo kwa karibu: vile vishimo vya duara ndimo vilimopachikwa vyombo vya kaure kutoka Uchina, na vyenyewe vilikwisha kung'olewa zamani. Nusu saa inatosha. Beba maji ya kunywa na uvae viatu vilivyofunika vidole, kwa kuwa majani yana miiba.

Pangani mjini hapahitaji gari. Majumba ya zamani yamejipanga kwenye barabara inayofuata mto, milango ya nakshi na kuta zinazomomonyoka chokaa, na Boma, jengo la kale la utawala, liko hatua chache kutoka hapo. Katika mji huu Wajerumani walimnyonga Abushiri bin Salim tarehe 15 Desemba 1889, baada ya vita alivyowaanzishia mwaka uliotangulia. Jioni mtu hula pweza na mihogo pembeni ya barabara, analala mapema.

Asubuhi tuliondoka saa mbili kamili. Saa hiyo ina sababu yake. Mlangoni mwa mto pana fungu la mchanga, na maji yakitoka kwa kasi huku upepo ukiingia kutoka baharini, mawimbi husimama wima juu ya fungu hilo. Asubuhi upepo bado haujaamka, na kina bado kinatosha. Ukichelewa hadi saa nne, boti inaweza kugusa chini palepale mawimbi yanapovunjikia. Wasiopenda mlango huo huondokea Ushongo, kusini ya mto, ambako kisiwa kiko kama kilomita 8 tu.

Kabla ya kupanda, kagua vitu vitatu: jaketi la kuokolea kwa kila kichwa (si kwa wageni tu), pini ya akiba ya pangaboi la mashine, na petroli iliyochujwa. Maji kidogo ndani ya petroli yanatosha kuizima mashine katikati ya safari. Nahodha wetu aliipitisha kwenye kitambaa mbele ya macho yetu, na hapo nikatulia.

Maziwe ni eneo tengefu la bahari tangu 1975, na kiingilio hulipwa kwa namba ya malipo ya serikali; dai risiti. Usitarajie kisiwa cha minazi. Zamani kilikuwa na mivinje, lakini miti ikaisha, mchanga ukakosa wa kuushika, na leo kimebaki fungu jeupe ambalo bamvua likijaa hufunikwa lote. Ndiyo sababu mayai ya kasa wanaotaga pale huhamishiwa Ushongo, la sivyo bahari ingeyazamisha. Huanguliwa baada ya siku 55 hadi 60 hivi, na ukibahatisha siku utawaona watoto wakikimbilia majini.

Kivuli hakuna, choo hakuna. Tulibeba turubai, miti minne, kamba, na maji lita 3 kwa kila mtu. Miti ichimbiwe kwa kina cha mkono mzima, upande wa upepo kwanza. Mchanga ule haushiki kigingi kifupi. Kuogelea kwa miwani na mrija ni kwenye ukingo wa mwamba, maji yakiwa bado yanapwa polepole. Usikanyage matumbawe: utayavunja, halafu utachomwa na wale viumbe weusi wa miba mirefu. Mwiba ukikatikia mguuni, wavuvi hupaka utomvu wa papai bichi, basi ni busara papai moja liwemo kwenye kapu.

Sasa kuondoka, ndipo wengi wanapokosea. Wanatazama mchanga mpana saa saba na kudhani bado wana nusu siku. Maji hayajai kwa mwendo mmoja. Kimo chote cha kujaa kigawe sehemu kumi na mbili: saa ya kwanza hupanda sehemu moja, ya pili mbili, ya tatu tatu, ya nne tatu, kisha mbili, kisha moja. Bamvua la mita 3.6 lina sehemu za sentimita 30, kwa hiyo saa ya tatu peke yake huleta sentimita 90, na juu ya fungu tambarare hiyo ni mita nyingi za mchanga zinazopotea ukiwa unakunja turubai. Maji yalikauka saa tano na robo. Saa saba tulikuwa botini.

Maji yaleyale yalitufaa mtoni. Saa tisa na nusu tuliingia Mto Pangani, mkondo wa bahari ukitusukuma juu, mashine ikinong'ona, mikoko kisha minazi pande zote. Mamba wapo, kwa hiyo mkono haupiti ukingo wa boti. Maji yalisimama saa kumi na moja na nusu, tukageuza tukashuka nayo.

Kesho yake tulivuka kwa kivuko kwenda Bweni. Abiria hushuka garini na kuingia kwa miguu. Ng'ambo hiyo ndiko iliko Kikogwe, ilikopandwa miche 62 ya mkonge iliyonusurika kati ya 1,000 aliyoiagiza Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo Mjerumani, mwaka 1893. Anayetaka kufika Ushongo apange bodaboda kabla ya kuvuka. Akiipata ng'ambo jua limezama, bei ni ya mwenye pikipiki.