Matundu Chini ya Nguzo: Tunavyoyachunguza Kabla ya Kuyaziba

Ukifungua mbao za nguzo ya zege ukakuta kokoto ziko wazi chini kama sega la nyuki, mkono wa fundi hukimbilia mwiko. Anapaka plasta nyembamba, basi, funika kombe mwanaharamu apite. Kwenye saiti ninayoisimamia nimeweka sheria: haizibwi kitu kabla hatujajua matundu yametokana na nini.

Kwanza tunachonga kwa tindo mpaka tufike kwenye zege gumu. Nondo zikionekana, tunasimama na mhandisi anaitwa. Hilo halina mjadala. Kisha tunakaa robo saa mbele ya nguzo yenyewe, kabla ya chai. Vibarua ndio wanaotangulia kusema. Fundi mkuu akianza, wote wataitikia "ndivyo hivyo, bosi" na utakuwa hujapata kitu. Tunauliza "ilikuwaje?", hatuulizi "nani?".

Mara nyingi uwazi kati ya mbao na sakafu haukuzibwa, uji wa saruji ukavuja, kokoto zikabaki peke yake. Ukiona michirizi ya kijivu imekauka sakafuni, usitafute mchawi mwingine. Au zege limemwagwa kutoka juu sana. Ikizidi mita 1.5 tunakata dirisha kwenye mbao. Au tabaka lilikuwa nene na vaibreta, mashine ya kutetemesha zege, haikufika chini. Siku hizi tunajaza sentimita 40, tunatetemesha, ndipo tunaendelea, na ncha ya vaibreta lazima izame kidogo kwenye tabaka lililotangulia.

Kosa la maji lilikuwa langu. Zege likiwa zito nilizoea kusema "ongeza kidogo", na kidogo ya kila mtu ni yake. Kwa uwiano wa 1:2:4, yaani saruji moja, mchanga mbili, kokoto nne, mfuko wa kilo 50 tunaupa maji yasiyozidi lita 25. Mchanga ukinyeshewa tunapunguza, maana mchanga wa mfuko mmoja, maboksi mawili ya lita 35, wenye unyevu wa asilimia 5 umeshabeba kama lita 5 za maji. Sasa ndoo ya maji ina alama ya rangi, inashikwa na mtu mmoja, na mimi siruhusiwi kuigusa.

Tunachokubaliana kinaingia kwenye daftari: tarehe, namba ya nguzo, chanzo, kinachobadilika na jina la atakayekagua. Tuliwahi kuandika "kila mtu aangalie" mara mbili, na mara zote mbili hakuna aliyeangalia. Sasa kijana mmoja anaziba chini kwa nje, kwa makaratasi ya mifuko ya saruji yaliyolowekwa. Mwingine anamulika tochi kutoka juu, ndani ya boksi la mbao. Mwanga ukipenya chini, hatumwagi.

Daftari linasomwa asubuhi ya kumwaga zege, ukurasa wa mwisho tu, kabla mashine ya kuchanganyia haijawashwa. Ikishawaka, hakuna anayesikia.